Anwani ni Mlango, Akaunti ni Nyumba

Kwa ambao hawakufika ukumbini Mtwara, haya ndiyo yaliyosemwa, kwa mpangilio uleule. Picha zilizorushwa ukutani tumeziacha. Zilipohitajika, tumeweka maneno mahali pake.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Makatibu na wahasibu wa vyama vya msingi mliotoka Tandahimba, Newala na Nanyumbu, wenye nyumba za wageni wa Mikindani na Shangani, vijana wa steshenari, na ndugu zetu mliofika kutoka Lindi: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wote habari za asubuhi.

Tumeitana kuzungumzia barua pepe. Lakini naomba tuanze na barua ya bahasha.

Wazee mnakumbuka S.L.P. ya shule. Kijiji kizima kilikuwa na sanduku moja la posta, la shule ya msingi. Mtoto aliyeko Dar es Salaam akimwandikia baba yake, juu anaweka jina la baba, chini yake jina la shule, chini kabisa S.L.P. na Masasi. Mwalimu mkuu akienda mjini anafungua sanduku moja kwa ufunguo mmoja, anatoka na barua za watu arobaini. Je, hao arobaini walikuwa na masanduku arobaini? Hapana. Majina mengi, sanduku moja, ufunguo mmoja.

Basi anwani ya ziada ya barua pepe, ile ambayo Kiswahili chetu kinaweza kuiita lakabu, ndiyo hiyo. Jina jingine juu ya bahasha, sanduku ni lilelile. Nitairudia mara nyingi leo mpaka mnichoke: anwani ni mlango, akaunti ni nyumba. Ukitaka wageni waingie kwa milango mitatu, toboa milango mitatu. Usijenge nyumba tatu.

Na sisi tunajenga nyumba tatu. Tena nne.

Chukueni mfano wa mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuseme Chuno hapa. Anakwenda steshenari kusajili jina la biashara BRELA. Kijana anamuuliza, "Mama, una imeili?" Hana. Anafunguliwa ya Gmail palepale, nenosiri linaandikwa nyuma ya risiti. Miezi sita baadaye anarudi kwa mambo ya TRA. Risiti imepotea, nenosiri halikumbuki, anafunguliwa nyingine. Mwaka unaofuata anataka kuuza saruji kwa halmashauri, lazima ajisajili kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni, anafunguliwa ya tatu. Sasa tumuulize mama huyu: taarifa ya zabuni ikija, itaingia ipi? Na akisahau nenosiri la NeST, ule ujumbe wa kubadilisha nenosiri unatumwa wapi? Unatumwa kwenye akaunti ya tatu, ambayo nayo nenosiri lake limepotea, na namba ya simu iliyowekwa ya kuirejesha ni ya yule kijana wa steshenari. Na kijana alishahamia Dar es Salaam.

Vijana wa steshenari, msikasirike. Mnaombwa kazi ya haraka na mnaifanya haraka. Lakini mnaujua ule ujumbe wa Google kwamba namba hii imeshatumika mara nyingi mno kuthibitisha akaunti. Unakuja kwa sababu hiyo. Namba yako imefungulia mtaa mzima.

Kuna jambo la pili linalomngoja mama huyu. Google hufuta akaunti ya mtu binafsi iliyokaa miaka 2 bila kuguswa. Utaratibu huo ulitangazwa Mei 2023, na ufutaji ukaanza Desemba ya mwaka huo. Na anwani ya Gmail ikishafutwa haipewi mtu tena, hata aliyekuwa nayo. Kwa hiyo ile ya BRELA iliyoandikwa nyuma ya risiti inaweza kuwa imeshazikwa, na mama hana habari.

Dawa yake? Akaunti moja, yenye namba yake mwenyewe ya simu, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na anwani ya pili ya kuirejesha ambayo ni ya mtu anayemwamini. Nyumba moja imara. Halafu ndipo tutoboe milango.

Tuanze kutoboa, na Gmail, maana wengi wenu humu ndiyo mliyonayo.

Gmail ina milango miwili ambayo tayari iko wazi bila kuiomba. Wa kwanza ni nukta. Kwenye anwani inayoishia na gmail.com, nukta haihesabiwi. Dukalamfano, duka.la.mfano, d.u.k.a.lamfano, zote ni sanduku moja. Herufi kubwa na ndogo nazo ni hivyohivyo. Mtu akikwambia, "Ile yenye nukta si yangu, ni ya mwenye jina kama langu," anakosea. Ni yako. Huyo mwenye jina kama lako anaikosea anwani yake mwenyewe, ndiyo maana unapokea risiti zake za tiketi ya basi. Hajakudukua, amesahau tu tarakimu aliyoiweka mwishoni mwa jina lake. Usibonyeze viungo vilivyomo, na usiguse akaunti aliyoifungua.

Angalizo: hilo la nukta ni la gmail.com peke yake. Ofisi yenye kikoa chake, yaani jina lake lenyewe la mtandaoni baada ya @, inayotumia barua za Google, nukta inahesabiwa. Na Outlook nukta inahesabiwa. Ukizoea uzembe wa Gmail ukaupeleka kwingine, barua zitarudi.

Mlango wa pili ni alama ya kujumlisha. Baada ya jina lako, kabla ya ile alama ya @, weka kujumlisha na neno lolote. Kama anwani yako ni dukalamfano@gmail.com, basi dukalamfano+nest@gmail.com inafika, dukalamfano+brela@gmail.com inafika, dukalamfano+wateja@gmail.com inafika. Huombi ruhusa kwa mtu, husubiri, hulipi. Unaandika tu, na barua inaingia.

Faida iko wapi kama zote zinaingia sanduku moja? Iko kwenye kuchambua. Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo watu wanapoishia njiani.

Kaa kwenye kompyuta, au kwenye simu fungua Gmail kwa kivinjari na uombe mwonekano wa kompyuta. Programu ya Gmail ya kwenye simu haitengenezi vichujio, yaani kanuni za kuchambua barua zinapoingia, usiitafute huko ukajichosha. Juu kuna kisanduku cha kutafutia. Mwisho wake wa kulia kuna alama ya vistari vyenye vidude vya kusogeza. Bonyeza hapo, fomu itashuka. Mstari wa kwanza ni wa aliyetuma, wa pili ni wa aliyetumiwa. Watu wengi hujaza wa kwanza. Wewe jaza wa pili, palipoandikwa "To", uweke dukalamfano+nest@gmail.com. Usibonyeze kutafuta, bonyeza "Create filter". Orodha ya visanduku itakuja. Weka tiki kwenye kubandika lebo, tengeneza lebo mpya, iite Zabuni. Weka tiki nyingine kwenye kile kinachosema barua hii isipelekwe kwenye barua taka kamwe. Hiki cha pili ndicho kinachookoa, maana barua za mifumo hupenda kuangukia kwenye taka, na nani humu hufungua folda ya taka kila siku? Maliza. Kuanzia hapo kila ujumbe wa mfumo ule unaingia ukiwa na lebo yake, kama gunia la korosho lililokwishapigwa muhuri wa daraja.

Yapi yanaharibika? Mawili. Kwanza, fomu nyingine za mtandaoni zinakataa alama ya kujumlisha, zinasema anwani si sahihi. Anwani ni sahihi. Aliyetengeneza fomu ndiye hakuijua. Huwezi kugombana na fomu; weka anwani ya kawaida uendelee. Lakini andika kwenye daftari lako ni wapi uliweka yenye kujumlisha na wapi huna, kwa sababu ukija kuingia lazima uandike kama ulivyojisajilia, neno kwa neno. Kuna watu wanafungiwa nje ya akaunti zao kwa kusahau kajumlisha kamoja.

La pili linatokea kwenye kujibu. Tuseme kuna nyumba ya wageni pale Mikindani, mwenyewe ameweka kwenye bango anwani yenye +wageni. Mtalii anaandika kuulizia chumba. Mwenye nyumba anajibu kwa simu, na jibu linatoka na anwani yake ya kawaida, yenye jina lake la utani la sekondari na mwaka aliozaliwa. Mtalii anajiuliza: huyu ni yule niliyemwandikia, au ni tapeli?

Kuna dawa, nayo pia ni ya kwenye kompyuta. Alama ya gia, mipangilio yote, sehemu iliyoandikwa "Accounts and Import", mstari wa "Send mail as", kisha kuongeza anwani nyingine. Andika jina litakaloonekana, yaani jina la nyumba ya wageni, andika anwani, acha tiki ya kuichukulia kama lakabu. Ikikutumia namba ya uthibitisho, itaingia kwenye kikasha chako mwenyewe. Halafu, na hapa wengi huruka, shuka chini kidogo palepale, chagua kwamba jibu litoke kwa anwani ileile iliyoandikiwa. Ukiacha chaguo la awali, kila jibu litatoka na anwani ya kawaida na utadhani hukufanya kitu.

Njia hiyohiyo inakuwezesha kutuma kwa anwani isiyo ya Gmail kabisa. Hapo utaulizwa seva (kompyuta) ya kutuma barua, namba ya lango lake (port), ambayo huwa ni 587 au 465, na nenosiri. Kama anwani hiyo nayo ni ya Google na ina uthibitisho wa hatua mbili, nenosiri lako la kila siku litakataliwa hata uliandike mara mia. Inatakiwa nenosiri la programu, lenye herufi 16, unalitengeneza kwenye sehemu ya usalama ya akaunti ile. Ukiona "jina au nenosiri si sahihi" na una hakika ni sahihi, usibadilishe nenosiri. Ni hilo.

Bwana mmoja kule nyuma ameinua mkono tangu mwanzo. Anauliza: je, huyu ninayemwandikia hatajua anwani yangu halisi? Swali zuri, na jibu ni kwamba atajua akitaka. Yenye kujumlisha, mtoto wa darasa la nne anaifuta sehemu ya kujumlisha akabaki na jina lako. Na ukituma kwa anwani nyingine kupitia Gmail, anwani ya kwanza huweza kubaki kwenye maelezo ya ndani ya barua, yale yasiyoonekana mpaka mtu ayafungue. Lakabu ni ya kupanga kazi. Anayetaka kujificha, hii si kanga ya kujifunika.

Sasa tuje kwenye lakabu zenyewe hasa, zile ambazo ni jina jipya kabisa.

Huku kusini hili halihitaji maelezo marefu. Katika baadhi ya makabila yetu, kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya. Mtu ni yuleyule, mama yake ni yuleyule, jina ndilo jipya. Tofauti ni kwamba kijana ukimwita kwa lile jina la zamani anaweza kukununia, ila kompyuta inaitika kwa yote mawili.

Wenye Outlook, iwe ni Hotmail ya zamani au Outlook ya sasa, ninyi mna uhondo huu bila malipo. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kivinjari, fungua sehemu ya taarifa zako, tafuta pa kuhariri namna unavyoingia, bonyeza kuongeza anwani. Chagua jina jipya linaloishia na outlook.com. Limeisha. Zote zinaingia kikasha kimoja, nenosiri moja, orodha moja ya watu. Unaruhusiwa kuwa na lakabu 10 kwa wakati mmoja, na huwezi kuongeza zaidi ya 10 ndani ya mwaka. Mpya zinazoishia na hotmail.com hazitengenezwi tena, aliyenayo aitunze.

Na unaweza kuchagua ipi iwe ya mbele, na ipi iruhusiwe kuingilia. Hili la mwisho naomba mlisikilize vizuri. Kawaida kila lakabu inafungua akaunti, kwa nenosiri lilelile. Maana yake ile uliyoiweka kwenye bango, kwenye risiti na kwenye ubavu wa pikipiki, mwizi tayari anayo nusu ya ufunguo. Basi nenda kwenye mapendeleo ya kuingia, ondoa tiki kwenye zote za hadharani, ubakize moja tu ambayo hujawahi kumpa mtu. Wezi watabahatisha nenosiri usiku kucha kwenye mlango ambao umejengewa ukuta. Ni dakika mbili za kazi, na sioni ulinzi wa bure unaozidi huo.

Wenye iPhone, iCloud inawapa lakabu 3. Mnazitengeneza kwa kuingia iCloud.com, kwenye barua, kisha mipangilio yake. Nzuri yake ni kwamba lakabu unaweza kuizima kwa muda bila kuifuta. Mbaya yake ni nafasi: GB 5 za bure, na picha za simu ziko humohumo, wakati Google inatoa GB 15. Nafasi ikijaa, barua hazipokelewi kwa lakabu zote, kwa sababu nyumba ni moja. Milango kumi haiongezi chumba.

Kuna mfanyabiashara wa ufuta wa kufikirika, tumweke Nachingwea. Ana Outlook yenye lakabu mbili, ya zamani aliyoifungua chuoni na mpya ya biashara. Siku moja anaamua kusafisha, anafuta ile ya zamani. Haipendezi, anaona aibu ikionekana. Wiki tatu baadaye simu inaharibika, ananunua nyingine, anataka kuingia kwenye mfumo anaopokelea malipo. Mfumo unamwambia: tumetuma namba ya uthibitisho kwenye anwani yako. Anwani ipi? Ileile aliyoifuta. Anarudi Microsoft kuirudisha. Haiwezekani, kwa sababu lakabu ya outlook.com au hotmail.com ikishaondolewa hairudi, si kwake si kwa mwingine. Msimu wa mnada ndio huo unaanza, na yeye yuko njiani kwenda tawini na kitambulisho mkononi.

Kwa hiyo usifute. Kama huipendi, iache ipokee, ila usitume barua kwayo. Mlango wa zamani hauli wali. Ukilazimika kufuta, kaa nayo mwaka mzima kwanza, weka kichujio kinachobandika lebo kila kinachoingia kupitia hapo, na kila kinachoingia nenda kakibadilishe kule kinakotoka. Mwaka mzima, kwa sababu kuna watu wanakuandikia mara moja kwa mwaka tu: wa leseni, wa bima, na wa kikoa.

Kuhusu kuchagua jina nitasema kwa ufupi. Jina la kazi, siyo la mtu. Msiweke mwaka. Epukeni herufi o karibu na sifuri. Lisome kwa sauti kwenye simu, kwa mtu aliye kwenye basi, uone kama analipata. "Kistari cha chini" peke yake kinakula dakika tatu za maongezi. Na ninyi wa Lindi mnaotoka Ng'apa, kile kibainishi chenu (') Gmail haikipokei. Inakubali herufi, tarakimu na nukta tu. Itabidi muandike ngapa, na msomaji atamke anavyojua.

Sehemu ya tatu, na hii ndiyo iliyotuleta hapa hasa. Vyama na vikundi.

Mwalimu mkuu wa ile S.L.P., kumbukeni, alikuwa na ufunguo. Alipohamishwa shule, alikabidhi ufunguo kwa mwalimu mkuu mwingine. Ulikuwa wa shule. Sasa niwaulize makatibu: barua pepe ya chama chenu, ufunguo wake ni wa nani? Imefunguliwa kwa simu ya nani? Katibu akimaliza muda wake akaondoka na laini yake, chama kinabaki na nini?

Kinabaki na anwani iliyochapwa kwenye mihuri.

Ndiyo maana nasema, chama chenye wanachama na fedha zao kisitegemee Gmail ya mtu. Kiwe na kikoa chake. Vya .co.tz na .or.tz vinauzwa na wasajili waliothibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kisajiliwe kwa jina la chama, na tarehe ya kukilipia upya iandikwe kwenye kalenda ya ofisi, siyo ya fundi. Kisha barua za kikoa hicho zikae kwenye huduma ya wingu, iwe ya Google au ya Microsoft, mnalipia kwa kila mtumiaji kila mwezi.

Hapo kwenye "kwa kila mtumiaji" ndipo fedha zinapomwagika. Kikundi cha akina mama wabangua korosho Newala, mfano tu, wako watatu ofisini. Fundi anawaambia mnahitaji info@, mauzo@, uhasibu@, katibu@, mwenyekiti@. Wanalipia akaunti tano, na watu ni watatu. Wangelipia ngapi? Tatu. Hata mbili. Info@ na mauzo@ zingekuwa lakabu. Google inaruhusu lakabu 30 kwa kila mtumiaji bila kuongeza senti. Msimamizi anaingia admin.google.com, anafungua orodha ya watumiaji, anamchagua mtu, anaongeza anwani mbadala. Huanza kufanya kazi baada ya dakika chache, ingawa wenyewe wanaomba usubiri mpaka saa 24. Microsoft 365 inaruhusu mpaka 400, ila kutuma kwa jina la lakabu lazima msimamizi aiwashe kwanza kwa chama kizima. Asipoiwasha, mtapokea kwa mauzo@ na kujibu kwa jina la mtu.

Lakini si kila mlango uwe lakabu. Jiulizeni swali moja: barua hii inasomwa na watu wangapi? Mmoja, lakabu inatosha. Wawili na zaidi, tumieni anwani ya kundi, ambayo Google haiwatozi, au kwa Microsoft sanduku la pamoja, ambalo halihitaji leseni mpaka lipite GB 50. Na kama ni ya mhasibu, yenye nyaraka na siri zake, hiyo ni akaunti kamili yenye nenosiri lake. Msiwe watu watatu kwenye nenosiri moja. Fedha ikipotea mtamuuliza nani?

Wale akina mama wakatengeneza kundi, mauzo@, watu watatu ndani. Wakalijaribu. Katibu akatuma kutoka kwenye anwani ya ofisi, ikafika kwa wenzake. Wakashangilia, wakachapa kadi. Wiki mbili kimya. Mnunuzi wa Dar es Salaam anapiga simu: "Nimewaandikia mara mbili, barua inarudi." Inarudije, na sisi tumejaribu ikafika?

Kundi la Google la ofisi linaweza kuwa limewekwa lipokee kutoka kwa watu wa ndani pekee. Wa nje anagonga, hafunguliwi. Fungua mipangilio ya kundi, sehemu ya ruhusa, kwenye nani anaweza kutuma, chagua mtu yeyote hata wa nje. Na kuona au kusoma mazungumzo acha kwa wanachama pekee, msije mkafungua na madaftari.

Na kuna mtego ndani ya kujaribu kwenyewe. Yule katibu aliyetuma hakuiona barua yake kwenye kikasha chake, kwa sababu Gmail haikurudishii barua uliyoituma mwenyewe kwa kundi ulilomo. Inabaki kwenye zilizotumwa. Mwingine akiona hivyo anavuruga mipangilio iliyokuwa sawa. Jaribio la kweli linatoka nje: kwa Gmail ya ndugu yako, asiye mwanachama, asiye mfanyakazi.

Mengine ya kikoa nitayapitia haraka, mafundi mtaniuliza baadaye. Mkihamia Google, rekodi za MX za kampuni ya zamani, zile zinazoelekeza barua zenu ziende seva ipi, zifutwe zote, la sivyo barua nyingine zinaendelea kwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Na SPF. Hii ni rekodi inayotaja nani ana haki ya kutuma kwa jina la kikoa chenu. Iwe moja tu. Fundi wa tovuti akija akaongeza ya pili, hazijumlishwi. Mbili zinavunjana, na ankara zenu zinaanza kuangukia kwenye taka za watu. Kama mnatuma kupitia Google na pia kupitia tovuti, vyote viandikwe ndani ya mstari mmoja, unaoanza na v=spf1, ukiwa na include:_spf.google.com, kisha ya seva ya tovuti, na mwisho ~all. Mkimaliza washeni na DKIM, sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti haya kwa kila anayetuma, na mipangilio ya nusu nusu haipiti kama zamani.

Na siku katibu anaondoka? Msifute akaunti yake asubuhi yake. Badilisheni nenosiri, hamisheni nyaraka zake, ndipo mfute, kisha anwani yake ipewe katibu mpya kama lakabu, ili aliyezoea kuandika kwa ile ya zamani asipotee. Mkiteleza mkafuta mapema, Google inawapa siku 20 za kurudisha. Baada ya hapo ni kilio.

Nimesema ya kutosha, na chai iko tayari. Baada ya chai, wenye Gmail wakae upande wa dirishani, wenye Outlook katikati, wa vyama vyenye kikoa wabaki hapa mbele na mhasibu wao, maana bila yeye hatufiki kwenye malipo. Kila mmoja awe na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, na daftari. Tutatengeneza mlango mmoja mmoja. Ukishamaliza wako, usijitumie barua wewe mwenyewe. Mgeukie jirani yako wa kulia, mpe anwani hiyo kwa mdomo, bila kumwandikia, akutumie yeye.